Hodi Huitikiwa na Aliye Ndani

Ukipita leo Najjera, Kyanja au Bulindo, mitaa ambayo Kampala inaendelea kujipanua, utaona kwamba nyumba haihesabiwi kuwa imekamilika kabla geti lake halijatiwa jicho. Ukuta upo, nyaya za miba zipo juu yake, na kwenye nguzo ya geti kimebandikwa kijisanduku cheusi chenye kamera, kitufe na vitundu vya kusemea. Wengine wanakiita intakomu, wengine kengele ya video. Mgeni akibonyeza, aliye ndani anamwona, anamsikia, na akipenda anamfungulia bila kutoka nje. Kwa kitu cha namna hiyo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na jinsi kinavyochaguliwa. Kabla hakijanunuliwa anaulizwa mwenye fedha: ungependa kuona nini kwenye simu yako? Hakuna anayemuuliza yule ambaye kila siku ndiye anayekwenda getini.

Nasema hivi, na sitaificha kauli hii nyuma ya maneno ya adabu: kengele ya video iliyochaguliwa kwa ajili ya mtu asiyekuwapo nyumbani haiilindi nyumba. Inamfurahisha mwenye nyumba huko aliko, na mara nyingi inamwacha aliye ndani pabaya kuliko zamani, wakati geti lilikuwa na tundu tu la kuchungulia.

Aliye ndani ni nani? Baba na mama wanaofanya kazi katikati ya mji huondoka alfajiri ili wasinaswe na msongamano wa magari wa Ntinda au wa barabara ya Jinja, na hurudi giza limeingia. Saa zote hizo nyumba iko mikononi mwa dada wa kazi, aghalabu msichana aliyetoka kijijini juzi tu, pamoja na watoto wawili watatu ambao hawajafikia umri wa kwenda shule, na pengine jjajja aliyeletwa mjini kutibiwa macho. Geti likigongwa, msichana huyo ndiye hakimu. Yeye ndiye anayeamua kama aliyesimama nje ni fundi wa maji kweli, kama ni binamu wa bosi kweli, kama kijana wa bodaboda aliyeleta mzigo ametumwa na mtu. Akikosea kwa kukataa, jioni anafokewa. Akikosea kwa kukubali, yeye ndiye atakayefungwa kamba wa kwanza. Na sisi tunaosoma chuo huku tukikaa kwa shangazi au mjomba tunalijua jambo hili bila kusimuliwa. Honi ikipigwa getini saa nne ya usiku, nani anaambiwa aende kuangalia? Mpwa.

Sisi wa Kiswahili tunafundishwa mapema kwamba hodi ni adabu: mgeni anajitangaza, anangoja, na asipoitikiwa baada ya hodi ya tatu anarudi alikotoka. Waganda walilichukua neno hilo wakalifanya lao, koodi, na jibu lake wakaliacha vilevile, karibu. Lakini katika nchi hii Kiswahili kina kumbukumbu nyingine ya mlangoni. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Julai 2022 kwamba kitumike kama lugha rasmi, na bado wazee wengi wa Kampala wanakigunia. Ukiwauliza walikisikia wapi mara ya kwanza, utaelewa. Kilikuwa lugha ya jeshi, na watu wenye bunduki waliogonga milango usiku enzi za Amin, na tena enzi za utawala wa pili wa Obote, walisema "fungua" kwa Kiswahili. Misako ya miaka ya 1980 inaitwa panda gari hadi leo, hata na watu wasiojua neno jingine la lugha yetu. Kwa watu wenye kumbukumbu hiyo, swali la nani yuko getini halijawahi kuwa mchezo wa vifaa. Ni swali la kama aliye ndani ana nafasi ya kuuliza "nani?" na kungoja jibu kabla komeo halijatoka.

Inashangaza kwamba aliyebuni chombo hiki alilielewa jambo hilo kuliko wauzaji wa leo. Marie Van Brittan Brown alikuwa muuguzi, Mmarekani mweusi wa Queens, New York. Saa zake za kazi na za mumewe Albert, aliyekuwa fundi wa elektroniki, hazikulingana, hivyo mara nyingi alikuwa nyumbani peke yake usiku, katika mtaa ambao polisi walichelewa kufika walipoitwa. Mwaka 1966 wawili hao waliomba hataza ya mfumo wao wa ulinzi wa nyumba, wakapewa Desemba 1969. Ulikuwa na matundu manne mlangoni kwa vimo tofauti, kamera iliyoweza kusogea kutoka tundu moja hadi jingine, skrini chumbani, njia ya kuzungumza na aliye nje, kitufe cha kufungua mlango ukiwa mbali nao, na kitufe cha kuita msaada. Tazama skrini iliwekwa wapi. Iliwekwa karibu na kitanda cha yule aliyeogopa, si mfukoni mwa mume aliyekuwa kazini. Kila kilichomo ndani ya hataza ile kinamtumikia mtu mmoja: mwanamke aliye ndani ya nyumba wakati kengele inalia.

Sasa nenda madukani kwetu katikati ya mji. Muuzaji atakuonyesha kengele inayotumia betri na intaneti isiyo na waya, atakushikisha simu yake, naye atasema maneno ambayo nimeyasikia kwa wauzaji watatu tofauti kana kwamba walikaririshwa darasa moja: utaliona geti lako hata ukiwa Dubai. Wateja wanapenda sana sentensi hiyo. Wengi wao hawaendi Dubai, lakini wanapenda kujiona kama watu ambao wangeweza kuwa huko. Ukimuuliza muuzaji skrini ya ndani iko wapi, atakwambia haihitajiki, simu ndiyo skrini. Simu ya nani? Hapo ndipo uchaguzi mzima unapoharibika, nao unaharibika bila mtu kugundua, kwa sababu anayeuliza na anayejibu wote wana simu.

Fuata safari ya ile picha. Inatoka kwenye kamera ya geti, inapita hewani mita ishirini au thelathini hadi kwenye ruta sebuleni, huku ikigongana na geti la bati nene na kuta za zege. Ikifika, inatoka nje ya nyumba, inakwenda kwenye kompyuta za kampuni zilizo ng'ambo, halafu inarudi Kampala kwenye simu ya bosi, kama simu ina bando, kama haijazimwa kwa ajili ya mkutano, kama haimo mkobani. Jibu la bosi linarudi kwa njia ileile. Haya yote ili mtu aliye jikoni, hatua kumi na tano kutoka getini, ajue nani amekuja. Umeme ukikatika, ruta inazimika. Yaka ikiisha saa tano asubuhi na aliye nyumbani hana fedha kwenye simu ya kununulia nyingine, ruta inazimika. Bando likiisha, kengele ni pambo. Na wapo waliosahau Januari 2021: jioni ya kuamkia uchaguzi mkuu intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi baada ya siku kama tano. Katika siku ambazo watu wa mji huu waliogopa kugongewa geti kuliko siku nyingine zozote za mwaka ule, kila kengele iliyotegemea kompyuta za ng'ambo ilikuwa kipande cha plastiki.

Lakini tuseme kila kitu kinafanya kazi. Umeme upo, bando lipo, bosi ameshika simu. Hapo ndipo ninapoona hatari iliyo kubwa zaidi, na sijamsikia muuzaji hata mmoja akiitaja. Mtu aliyevaa ovaroli anabonyeza kitufe na kusema amekuja kuangalia mita. Bosi yuko ofisini, ana watu watatu mbele yake, anaiona ovaroli, anagusa alama ya kufuli kwenye simu, geti linafunguka. Dada wa kazi yuko nyuma ya nyumba anaanika nguo. Hakusikia kengele, kwa maana kengele haikulia ndani, ililia ofisini. Anageuka na kumkuta mwanamume uani. Hakuulizwa, hakuambiwa, hakupata hata nafasi ya kuwaingiza watoto ndani na kufunga mlango wa jikoni. Kufuli kufunguliwa na mtu aliye mbali ndiyo sifa inayouzwa kwa bei ya juu kuliko zote, na ndiyo inayomnyang'anya aliye ndani kitu pekee alichokuwa nacho, yaani kujua kabla.

Nitajibiwa kwamba dada wa kazi mwenyewe ndiye hatari. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu wizi wa ndani upo na kila ukoo una kisa chake. Husemwa kwamba msichana huwaingiza marafiki zake mchana, kwamba hushirikiana na wezi, kwamba bosi lazima awe na jicho lake. Haya, awe nalo. Lakini basi aseme wazi kwamba ananunua chombo cha kumchunguza mfanyakazi wake, asikiite ulinzi wa familia. Vitu hivi viwili huhitaji vifaa tofauti. Kamera ya kumchunguza msichana inamtazama msichana. Kengele ya geti inamsaidia kumtazama mgeni. Ukitumia moja kufanya kazi ya nyingine unapata kifaa kisichofanya yoyote vizuri: msichana anajua kwamba kila anayemfungulia anarekodiwa, hivyo anajifunza kutumia mlango mdogo wa nyuma, au kuongea na mwenzake juu ya ukuta, na bosi anabaki na video nyingi za watu waliokuja kwa heri. Zaidi ya hayo, mtu usiyemwamini kujibu kengele umemwachia watoto wako kwa saa kumi na mbili. Kama humwamini, tatizo lako haliko getini.

Katiba yetu ya 1995, ibara ya 27, inalinda faragha ya mtu, ya nyumba yake na ya mali yake. Tumezoea kuisoma ibara hiyo kama kinga ya mwenye nyumba dhidi ya polisi. Sioni kwa nini isisomwe pia kwa niaba ya msichana anayelala katika nyumba hiyohiyo. Tangu 2019 tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, nayo msingi wake ni ridhaa ya mtu ambaye habari zake zinakusanywa. Je, kuna dada wa kazi hata mmoja aliyewahi kuulizwa kama anaridhia? Hata kuarifiwa tu kwamba sauti yake inarekodiwa anapozungumza getini na mdogo wake aliyemletea habari za msiba?

Wala bosi asidhani kwamba katika mpango huu anayetazama ni yeye peke yake. Kampuni ya Ring, iliyoifanya kengele ya namna hii iwe maarufu Marekani na kununuliwa na Amazon 2018, ilishtakiwa na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo Mei 2023 kwa tuhuma kwamba wafanyakazi na wakandarasi wake waliweza kutazama video za faragha za wateja. Ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Novemba 2022 ilibainika kwamba kamera za Eufy, zilizouzwa kwa ahadi kwamba picha hazitoki nyumbani kwa mteja, zilikuwa zikituma picha ndogo kwenye kompyuta za mbali. Na 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta kwa wingi wa kutisha duniani kote, kwa kujaribu tu nywila zilizowekwa kiwandani ambazo wenye vifaa hawakuzibadilisha. Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vifaa vya nyumbani likaiangusha kampuni ya Dyn, na tovuti kubwakubwa zikatoweka kwa saa kadhaa. Likizo mbili nimefuatana na mjomba wangu ambaye kazi yake ni kufunga vifaa hivi. Nyumba tulizoitwa kutengeneza, baada ya mafundi wengine kupita, tulikuta nywila ya kiwandani bado ipo, tena mara nyingine imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito pembeni ya skrini ili isisahauliwe.

Kazi hiyo ya likizo ndiyo inayonipa ujasiri wa kusema kipi kichaguliwe. Chagua kengele ya waya. Waya nne kutoka getini hadi ndani, au mbili kwa mifumo mipya, au waya wa mtandao kama nyumba ni kubwa, ambao unafika mita mia bila shida. Waya hauhitaji bando. Waya haujui kama kuna uchaguzi. Ni kweli kuchimba mfereji wa kuupitishia ni usumbufu, na mwenye nyumba aliyekwisha kupaka rangi na kutandaza matofali uani atanuna. Mwache anune. Anayejenga sasa aweke bomba la waya kabla ya kumwaga zege, gharama yake wakati huo ni ndogo mno kiasi cha kutostahili mjadala.

Kisha skrini. Katika nyumba nyingi tulizoingia, skrini ya ndani, ikiwapo, imefungwa chumbani kwa mwenye nyumba. Chumba hicho hufungwa kwa ufunguo kila asubuhi, na ufunguo huondoka na mwenyewe. Kengele inalia mchana kutwa nyuma ya mlango uliofungwa, na dada anakwenda getini kwa miguu kama alivyokwenda mama yake na bibi yake. Skrini ya kwanza iwe jikoni au kwenye ujia wa kwenda jikoni, kwa kimo ambacho msichana mfupi anaifikia. Ya pili iwe vyumbani, kwa ajili ya usiku. Mifumo mingi ya waya inakubali skrini mbili au tatu. Na kwa kuwa nimetaja kimo: kamera ya nje iwekwe usawa wa uso wa mtu mzima aliyesimama, si juu ya nguzo ambako inaona kofia tu, wala isielekezwe magharibi bila kivuli, maana saa kumi na moja jioni kila mgeni atakuwa doa jeusi lenye sauti. Taa zake za usiku zina uwezo wa hatua chache tu. Taa ya kawaida juu ya geti inasaidia kuliko kamera ya bei ya mara mbili.

Umeme wa akiba si anasa. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7, ileile inayotumika kwenye vifaa vya kengele za wizi, ina wati-saa 84. Seti yenye skrini moja inayongoja bila kuwaka hutumia wati chache, tuseme tano. Gawanya: saa kumi na sita na zaidi. Toa nusu kwa uchakavu na uongo wa viwandani, bado unabaki na usiku. Kengele ya intaneti haipati nafuu hiyo kwa urahisi, kwa sababu lazima uihifadhi ruta pia, na uombe mnara wa simu nao uwe na akiba yake.

Jambo la kufuli linastahili hasira yangu yote. Kuna kufuli ya sumaku, ambayo inashika geti kwa nguvu ya umeme. Inapendeza, haina kelele, wauzaji wanaisifu. Umeme ukikatika, sumaku inaachia. Ndivyo ilivyoundwa, ili watu wasinaswe ndani ya ofisi moto ukizuka, na kwa kazi hiyo ni nzuri. Lakini kuifunga kwenye geti la nyumba katika mji ambao umeme hukatika bila taarifa, tena bila betri, ni kumwambia mwizi angoje giza. Kufuli ya umeme ya kawaida hufanya kinyume: umeme unahitajika kuifungua tu, ukikatika inabaki imefungwa, na kwa ndani ina kitufe cha kubonyeza kwa mkono, kwa nje ina ufunguo. Hiyo ndiyo ya geti. Na katika seti za bei nafuu waya wa kufuli hupitia ndani ya kile kijisanduku cha nje, hivi kwamba mtu mwenye bisibisi akikibandua ana ufunguo wa geti mikononi. Swichi ya kufuli ikae ndani ya nyumba. Muulize fundi wako iko wapi, na asipoelewa swali, tafuta mwingine.

Kwa ndani, geti na milango ifunguke kwa mkono wa mtoto bila umeme wala simu. Aprili 2008 wasichana wadogo waliteketea bwenini katika shule ya Budo Junior, na taarifa za wakati ule zilisema milango ilikuwa imefungwa. Tangu hapo sielewi jinsi mtu yeyote katika nchi hii anavyoweza kuuza mlango ambao ruhusa ya kutoka iko kwenye simu ya mtu mwingine. Na unauzwa. Mwaka jana nilitembelea rafiki katika hosteli moja karibu na chuo, sitaitaja, ambako mlango wa ngazi hufunguliwa kwa kadi pande zote mbili, kuingia na kutoka. Msimamizi aliniambia kwa fahari kwamba hivyo wanajua nani yuko ndani wakati wowote. Bila shaka watajua.

Wapo wanaosema kwamba askari anatosha, na kwamba mashine hizi ni za matajiri. Askari wa geti ninamheshimu, lakini yeye yuko upande wa nje wa swali, katika kibanda chake, na usiku akizidiwa nguvu na watu waliomfikia kwanza, wa ndani hawana njia ya kujua kama sauti inayosema "ni mimi, fungueni" ni ya mtu aliye huru. Kengele yenye picha inamfaa yeye pia: anaweza kuwaamsha wa ndani bila kupiga kelele. Ama kuhusu matajiri, seti ya waya yenye skrini moja ni ya laki kadhaa, haina malipo ya kila mwezi, na ni rahisi kuliko simu ambayo wengi wetu tunaisomea insha hii. Ya intaneti ndiyo yenye kodi isiyoisha: bando kila mwezi, na kwa kampuni nyingine ada ya kuhifadhi video, ambayo usipoilipa unabaki na kengele isiyo na kumbukumbu.

Kuna pia wasiopenda chochote kati ya hivi, wanaosema kwamba jirani mwema ni bora kuliko kamera kumi. Ni kweli, na katika mitaa ya zamani kama Kamwokya jirani hukuita kwa jina kabla hujafika kwako. Ila Bulindo kuta zimeshapanda, jirani humwoni, na msichana aliye ndani hakuzijenga. Siwezi kumwambia angoje mpaka mji ubadilike.

Kwa hiyo mwenye kununua afanye jaribio moja kabla ya kulipa. Siku fundi anapomaliza, bosi atoke na simu yake, aende mbali, aizime. Swichi kuu ya umeme ishushwe. Mtu ambaye dada wa kazi hamjui aende getini, abonyeze kitufe, adai kwamba ametumwa. Dada awe jikoni, mikono yake ikiwa na unga. Je, anasikia? Anamwona uso? Anaweza kumuuliza maswali na kumkatalia bila kutoka nje, na geti likabaki limefungwa? Akiamua kumfungulia, anaweza? Na mtoto wa miaka mitano, akitakiwa kutoka, anaujua mkono wa kufuli ulipo? Ikiwa hata moja limeshindikana, fundi asilipwe. Arudi kesho, aje na waya.